Mikataba miwili kwenye bahasha moja

Aliingia ofisini kwangu Magomeni, Dar es Salaam, ofisi ya sheria, saa kumi na nusu jioni, bahasha ya kaki kwapani. "Shikamoo mama." Marahaba mwanangu, kaa.

Ni mhariri wa video. Hana mwajiri, anaishi kwa kazi za kuokoteza, na safari hii alikuwa ameokota ya maana: miezi sita na kampuni moja, shilingi 2,400,000 kwa mwezi. Kwa furaha hiyo akaona amalize na la pili, anunue pagale, nyumba ambayo haijakamilika, huko Chanika. Bei milioni 32. Mkononi anazo 20, zilizobaki atalipa milioni mbili mbili kila tarehe 5, kuanzia Februari, mpaka ziishe. (Tarakimu nimezibadili kidogo, naye ameniruhusu kuandika.) Alichotaka nimsomee ni mkataba wa mauziano. Ule wa kazi alisema hauna neno, "ni wa kawaida tu, mama".

Nikaanza na huo wa kawaida.

Mtu asiye na hati ya mshahara, benki inamzungusha. Ndiyo maana vijana wengi wa kazi huru hununua kwa awamu kutoka kwa mwenye mali mwenyewe. Maana yake mkataba wa kazi ndio mshahara wake, na huwezi kujua kama nyumba anaimudu kabla hujajua fedha za kazi zitaingia lini. Kiasi si kitu. Lini ndiyo kitu.

Kifungu cha malipo kilisema atalipwa ndani ya siku 45 "baada ya mteja kuridhika na kazi". Wengi wakikiona hicho hugombana na 45. Mimi hugombana na "kuridhika". Siku zinaanza kuhesabiwa pale mteja atakapojisikia kuridhika, na hakuna aliyeandika ajisikie mwisho tarehe ngapi, wala arudishe kazi mara ngapi. Zamani, kabla ofisi haijashika, niliwahi kutafsiri nyaraka za mtu kwa maneno hayohayo. Nilizirudia mara tisa. Mara ya saba alikuwa anabadilisha kichwa cha habari alichonipa mwenyewe.

Basi tukachukua kalenda ya ukutani, ile ya duka la vifaa vya ujenzi, tukaishusha mezani. Kazi ya Januari anaikabidhi tarehe 31. Tuseme mteja ni muungwana, anaridhika ndani ya wiki: 7 Februari. Ongeza siku 45, unafika 24 Machi. Awamu ya 5 Februari imeshapita, na ya 5 Machi nayo imepita. Hapo ndipo shilingi ya kwanza inaingia. Alinyamaza, akahesabu upya kwa kidole, akafika palepale.

Sasa upande wa pili wa bahasha. Mkataba wa mauziano ulisema akikosa awamu moja, mauzo yamevunjika na kilicholipwa hakirudi. Milioni 20 nzima! Sheria yetu ya Mikataba, kifungu cha 74, haimwachii mtu avune adhabu yoyote aliyoiandika. Mahakama hutoa fidia ya haki isiyozidi kiasi kilichotajwa. Ni kinga, lakini ni kinga ya kuifuata mahakamani, huku fedha zako ziko kwa mwenzako. Afadhali kuifuta kalamu ikiwa bado mezani. Tuliandika hivi: akichelewa, apewe siku 60 za nyongeza kwa barua, na mauzo yakivunjika kweli, muuzaji abaki na asilimia 5, nyingine arudishe.

Kuna jambo dogo ambalo halimo kabisa kwenye hesabu zake. Mteja akimlipa mkazi wa Tanzania kwa huduma, hukata asilimia 5 ya kodi ya zuio, yaani kodi inayokatwa kabla fedha hazijamfikia. Kwa hiyo 2,400,000 inakuwa 2,280,000. Toa awamu, inabaki 280,000 ya nauli, chakula, bando, na kodi ya chumba, kwa sababu pagale halina bati na bado anapanga. Baba mwenye nyumba wake anadai miezi sita kwa mpigo. Nilimwambia adai cheti cha hiyo kodi ya zuio kila anapokatwa, kwani ndicho atakachopeleka TRA, mamlaka ya mapato, kuonyesha kwamba ameshalipa.

Halafu kilichonikera. Mkataba unamwita "mtoa huduma huru", kisha unamtaka awepo ofisini kwao saa tatu mpaka saa kumi na moja, atumie kompyuta yao, asifanye kazi ya mtu mwingine. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, haiangalii jina lililoandikwa juu. Inaangalia nani anapanga saa zako, vifaa ni vya nani, unafanyia kazi mtu mmoja au wengi. Hata moja tu ya dalili hizo ikiwepo, unachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vingine. Kampuni inataka utii wa mwajiriwa bila michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wala likizo. Kwangu mimi hiyo ndiyo dhuluma ya mkataba ule, kuliko hata siku 45. Tulipendekeza wachague: wamwajiri, au wamwache ahudumie wengine.

Kuhusu pagale lenyewe nitasema machache, maana mengi mnayajua. Lina hati, kwa hiyo tuliomba taarifa rasmi kwa Msajili wa Hati: halina rehani. Karatasi ya serikali ya mtaa na asilimia 10 ya bei wanayodai kwa kushuhudia mauzo ni desturi, haikuhamishii umiliki. Mkataba ulikuwa umemtupia mnunuzi "kodi zote", ikiwemo ile ya faida ya mauzo, ambayo kisheria ni mzigo wa muuzaji, tukaifuta. Na hati itakaa kwangu mpaka awamu ya mwisho.

Muuzaji alikuwa amesaini peke yake. Nilipompigia, simu ikapokelewa na mwanamke. "Baba yuko shambani, mimi ni mama watoto." Nikamuuliza kama anajua nyumba ya Chanika inauzwa. Kimya. Sheria ya Ardhi inamtaka mnunuzi mwenyewe aulize kama mke au mume wa muuzaji ameridhia, kwa hiyo huwezi kujitetea kwamba hukujua. Wiki iliyofuata mama watoto alikuja na mumewe, amevaa kitenge kipya, akasoma kila ukurasa, akataka awamu zipitie akaunti ya wote wawili. Akapata.

Kampuni nayo imejibu. Mteja akikaa siku 10 bila kusema neno, kazi imepokelewa. Malipo siku 14 baada ya hapo. Malipo ya awali asilimia 20, si 30 tuliyoomba. Kifungu cha kutofanyia wengine kazi kimeondoka, saa za ofisini bado wanazivutania.

Jumamosi mpimaji alikwenda Chanika kuhakiki mipaka. Bikoni tatu, zile nguzo za mipaka, zimeonekana. Ya nne iko chini ya banda la kuku la jirani, na jirani amesafiri kwenda Kondoa, kwa hiyo hatujasaini.