Wastaafu wanaoishi kwenye mashua ya tanga: dhana potofu na ukweli

Ukitaja mume na mke waliostaafu, wakauza nyumba na kuhamia kwenye mashua ya tanga, wasikilizaji hugawanyika papo hapo. Kuna wanaosema hao ni matajiri waliochoshwa na raha za nchi kavu, na kuna wanaosema akili zimewaruka. Pande zote mbili zinaitazama bahari na kuwasahau watu waliomo chomboni. Karibu kila kitu katika maisha haya, kuanzia usalama hadi bima hadi nani atapika leo, kinatokana na hesabu moja ndogo: mabaharia ni wawili, na mmoja akilala amebaki mmoja.

"Uzeeni mtu hupumzika, hahangaiki na mawimbi"

Mwingereza Jeanne Socrates, aliyekuwa mwalimu wa hisabati, alistaafu mapema mwaka 1997 akaingia baharini na mumewe George. Mume alifariki kwa saratani mwaka 2003. Mke akaendelea peke yake. Mwaka 2019, akiwa na miaka 77, alimaliza kuizunguka dunia pekee bila kutua bandari yoyote njiani. Mjapani Kenichi Horie naye alivuka Pasifiki peke yake mwaka 2022, kutoka San Francisco hadi Japani, akiwa na miaka 83.

Hao ni watu wa aina yake, nami sidai kwamba kila babu na bibi wanaweza kuwaiga. Lakini hoja ya nguvu za mwili wameivunja. Kwenye mashua ya mita 12 ya siku hizi, tanga la mbele hujiviringisha ukivuta kamba moja, nanga huinuliwa na mota, demani (ile kamba ya kuongozea tanga) hukazwa kwa winchi, na usukani hushikwa na mtambo ambao hauchoki wala haulalamiki.

Kinachowatesa wazee ni usingizi. Safari ya usiku na mchana inataka mtu mmoja awe macho muda wote, kwa hiyo wawili hao hupokezana zamu za saa 3 au 4. Usiku wa kwanza hakuna anayelala vizuri. Wa pili ndio mbaya kabisa. Baada ya hapo mwili huanza kuizoea ratiba, na ndiyo maana utawasikia wengi wakisema safari ya wiki mbili haikuwachosha kama ya siku mbili.

Na kichefuchefu? Hicho hakichagui umri wala cheo. Admeral Horatio Nelson, shujaa wa vita vya majini wa Uingereza, alikuwa akitapika baharini maisha yake yote.

"Ni anasa ya matajiri"

Inategemea unalala wapi. Kwenye gati la marina (bandari ndogo ya mashua) unalipishwa kwa urefu wa chombo, kila usiku. Ukitia nanga kwenye ghuba tulivu, mahali pengi hulipi chochote. Wanandoa wawili wenye mashua zinazofanana wanaweza kutumia fedha zinazotofautiana mara tatu kwa sababu hiyo tu, na kwa sababu ya swali la pili: nani anatengeneza? Anayejua kushika spana anaishi kwa pensheni ya kawaida. Anayeita fundi kila kitu kikilia, pensheni haitoshi.

Bei ya kununulia ndiyo inayowadanganya wageni. Mabaharia wengi hutenga asilimia 10 ya bei hiyo kila mwaka kwa matengenezo. Ni makadirio tu, lakini afadhali kukadiria juu kuliko kushtukizwa. Rangi ya tumboni inayozuia magugu na chaza wasinate hupakwa upya kila baada ya mwaka mmoja au miwili. Nyaya zinazoushika mlingoti nazo zina umri wake. Zikifika miaka 10 hivi, makampuni mengi ya bima huanza kuuliza maswali. Bima hiyohiyo huuliza pia mko wangapi. Kuna makampuni yasiyokubali kuwakatia wanandoa bima ya kuvuka bahari kuu mpaka wachukue mtu wa tatu, na hapo ndipo wastaafu wengi hugundua kwamba ndoto yao ya kuwa wawili tu ina bei.

"Ni likizo isiyokwisha"

Wasafiri wenyewe hutaniana kwamba maisha haya ni kutengeneza mashua kwenye mandhari nzuri. Chukua pampu ya maji ya chumvi inayopoza injini. Ndani yake mna gurudumu dogo la raba lenye mapanga kama sita, ambalo unaweza kulificha kiganjani. Mfuko wa plastiki ukinaswa kwenye tundu la maji, raba inazunguka kavu na kukatika baada ya muda mfupi sana, injini inapanda joto, na pengine wakati huo huo mko kwenye mlango mwembamba wa bandari upepo ukiwasukuma kwenye mawe. Kuweka raba mpya ni rahisi. Kazi iko kwenye vipande vilivyokatika, kwa maana maji yameshavibeba hadi kwenye kipozeo cha injini, na lazima uvisake hadi vyote vipatikane. Unapata vitatu, unahesabu, unakuta vinatakiwa vinne, unalala tena kifudifudi juu ya injini ya moto ukiwa na tochi mdomoni. Huyo mtu ana miaka 68.

Ongeza hapo kufua kwa maji ya kuhesabu, kubeba mitungi ya gesi na vyakula kwenye kijiboti cha mpira, na kuangalia betri kama zimeshiba kabla jua halijatua. Atakayeita hiyo likizo hajawahi kuifanya.

"Wako katikati ya bahari siku zote"

Wengi wao wametia nanga sehemu kubwa ya mwaka. Kuvuka Atlantiki kutoka visiwa vya Kanari hadi Karibiani ni maili 2,700 hivi za bahari. Mashua inayokwenda maili 5 hadi 6 kwa saa huchukua takriban wiki tatu, na hiyo inaweza kuwa safari moja kubwa katika miaka kadhaa.

Mwenye amri ni kalenda ya upepo. Vimbunga vya Atlantiki vina msimu wao, Juni hadi Novemba, hivyo mashua nyingi huondoka Kanari Novemba ikielekea kwisha, na kusukumwa kutoka nyuma na pepo za biashara (zile zinazovuma kutoka mashariki karibu mwaka mzima). Pasifiki ya kusini msimu mbaya ni Novemba hadi Aprili, na wengi huteremka New Zealand kuusubiri upite. Mtu akikuambia tarehe na saa atakayofika, ujue bado ni mgeni wa mambo haya. Wageni wanaotaka kuwatembelea huambiwa wachague mahali au tarehe. Vyote viwili haviwezekani. Na ajali nyingi zinazoweza kuepukika huanzia kwenye tiketi ya ndege: mtoto anakuja Ijumaa, upepo umegeuka, nao wanang'oa nanga hivyo hivyo.

"Watauawa na dhoruba, au maharamia"

Uharamia si hadithi. Oktoba 2009 wanandoa wa Uingereza waliostaafu walitekwa na maharamia wa Kisomali baada ya kuondoka Shelisheli, wakaachiwa Novemba 2010. Katika miaka hiyo mashua nyingi ziliikwepa Ghuba ya Aden na kupitia Rasi ya Tumaini Jema. Lakini hatari hiyo inajulikana iko wapi, na asiyetaka haendi. Nyangumi aina ya orka wanaovunja usukani wa mashua karibu na pwani za Hispania na Ureno tangu mwaka 2020 ni kero mpya. Wamezamisha mashua kadhaa. Dhoruba kali nazo huonekana siku kadhaa kabla kwenye utabiri, na intaneti ya setilaiti imefanya utabiri huo ufike hadi katikati ya bahari.

Ninachokiogopa mimi kwa watu hawa ni kitu cha sekunde moja: mmoja kutumbukia majini mwenzake akiwa amelala. Mashua inayokwenda maili 6 za bahari kwa saa inamwacha nyuma mita 3 kila sekunde. Dakika moja ikipita yuko mita 185 nyuma, gizani, kichwa tu juu ya mawimbi. Tuseme mwenzake amesikia, amepanda juu, amegeuza chombo na kumwona. Sasa amtoeje? Ubavu wa mashua una kimo cha mita moja na zaidi, aliyemo majini amelowa na baridi imemwishia nguvu, na mikono ya mtu mmoja wa miaka 70 haimwinui. Njia ni kumfunga henza, ile kamba ya kupandishia tanga, na kumvuta kwa winchi. Asiyewahi kujaribu hilo mchana, bahari ikiwa shwari, hataliweza usiku.

Ndiyo maana wazoefu wana sheria zinazochosha: mkanda umefungwa kwenye kamba ya sitaha muda wote wa giza, na hakuna anayekwenda mbele kwenye omo bila kumwamsha mwenzake, hata kwa fundo dogo. Hata kwa haja ndogo kando ya chombo. Hasa kwa hiyo.

"Mume ni nahodha, mke ni mpishi"

Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Kweli, uamuzi wa dharura unataka sauti moja. Ila watu wameuchukua usemi huo na kuufanya kisingizio cha mmoja kutojifunza. Mume akipata kiharusi siku ya tisa ya safari, na mke hajawahi kupunguza tanga wala kusoma ramani, kamba imekatikia pembamba. Afadhali wabadilishane hata yale madogo. Wakati wa kufunga gatini, mara nyingi mwanamume hushika usukani na mwanamke huruka na kamba, ilhali usukani hauhitaji nguvu na kuruka kunahitaji magoti mazuri. Wakibadilishana, makelele ya gatini hupungua. Wengine huvaa vipaza sauti vya kichwani wakaongea taratibu, na jirani hana cha kutazama.

"Baharini hakuna serikali"

Zipo, tena nyingi. Kila nchi wanayoingia wanapandisha bendera ya njano na kusubiri uhamiaji, forodha na afya. Asiye raia wa Umoja wa Ulaya wala wa nchi za Schengen (nchi za Ulaya zisizokaguana mipakani), na asiye na kibali cha ukaazi, hupewa siku 90 katika kila 180 kwenye eneo hilo la Schengen, mashua iwe imeharibika au haijaharibika.

"Wakiugua wamekwisha"

Karibu na pwani wanatibiwa kama msafiri mwingine yeyote, ingawa bima ya afya hupanda kadiri umri unavyopanda, na Medicare, bima ya serikali ya Marekani kwa wazee, kwa kawaida hailipi matibabu ya nje ya nchi. Pengo liko katikati ya bahari. Kirusha ishara za dharura cha masafa ya megahezi 406 kitatuma mahali walipo kupitia setilaiti, lakini helikopta haifiki huko. Atakayekuja ni meli ya mizigo iliyo karibu, pengine baada ya siku nzima au zaidi. Wanaoondoka wakiwa na moyo mgonjwa wanalijua hilo, na baadhi huchagua kukaa kwenye visiwa vilivyo karibu karibu.

"Wakiondoka hawarudi"

Wengi hurudi kila mwaka. Msimu wa vimbunga ukifika, mashua hupandishwa nchi kavu, ikafungwa kwa mikanda ardhini, nao wakapanda ndege kwenda kuwaona wajukuu. Miaka ikisogea, miezi ya baharini hupungua, hadi mmoja wao anasema basi. Wenye busara walikwisha kubaliana siku nyingi kwamba neno la mmoja linatosha, bila kujadiliana. Mashua huuzwa mapema, wenyewe wangali na uwezo wa kutoka nayo na mnunuzi, kutweka tanga na kumwonyesha kila fundo. Iliyoachwa miaka miwili ikiota magugu hupata theluthi ya bei, na wakati mwingine hakuna anayeitaka hata bure.