Futiboli ya vyuo Marekani kwenye TV: maneno ya vijiweni na yaliyotokea kweli

Watu wakiona mihela inayomwagwa siku hizi kwenye haki za TV za futiboli ya vyuo kule Marekani (sio soka, ni ile ya mpira wa umbo la yai unaobebwa mkononi) wanajua moja kwa moja kwamba vyuo viliipenda TV tangu siku ya kwanza. Wapi! Vingi viliiogopa kama ukoma.

Hela wakati ule ilikuwa getini bwana, sasa mtu akikaa sebuleni anacheki mechi bure, tiketi atanunua nani? Ndo maana Januari 1951 wanachama wa NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, wakapiga kura 161 kwa 7 kubana matangazo ya live. Penn, yaani Chuo Kikuu cha Pennsylvania cha Philadelphia, ambao mechi zao za nyumbani zilishaanza kurushwa pale mjini toka 1940 na mwaka 1950 walikuwa na dili la dola 150,000 na kituo cha TV cha ABC, wakagoma, wakasema sisi tunaonyesha tu. NCAA ikawahesabu kama wanachama waliovunja utaratibu, na timu zilizokuwa kwenye ratiba yao zikaanza kusema basi hatuji kucheza nanyi. Utacheza na nani sasa, na kivuli chako? Penn wakanywea. Msimu wa 1952 kituo kingine cha TV, NBC, wakalipa kama dola milioni 1.1 kwa mechi 12 tu, na timu moja ionekane mara moja basi. Udhibiti huo wa NCAA, masharti yakibadilika badilika, ulidumu mpaka 1984 vyuo vya Oklahoma na Georgia vilipoushinda kwenye Mahakama ya Juu, majaji 7 kwa 2, na mmoja wa wale wawili waliopinga ni Byron White, ambaye ujanani alikuwa staa wa futiboli pale Chuo Kikuu cha Colorado!

Kuna wanaosema pia mechi ya kwanza kwenye TV ilikuwa ya maprofesheno. Hapana, vyuo vilitangulia kwa wiki tatu hivi. Ilikuwa Septemba 30, 1939, New York, Fordham na Waynesburg, kachuo kadogo ka Pennsylvania ambako hata leo wengi hawakajui, na mtu wa Waynesburg, Bobby Brooks, ndo akafunga tachidauni (bao la kufikisha mpira mwisho wa uwanja wa wapinzani) ya kwanza kuonekana kwenye TV, kakimbia yadi 63 peke yake. Wakaja kuchapwa 34-7 lakini hiyo rekodi hawanyang'anywi.

Na marudio ya papo hapo je? Wengi wanawapa NFL, ligi ya maprofesheno, sifa, kumbe ni mechi ya Army na Navy, timu za vyuo vya jeshi la nchi kavu na jeshi la majini, Desemba 7, 1963. Tony Verna wa kituo cha TV cha CBS alibeba mashine ya kurudia picha yenye uzito wa zaidi ya nusu tani, ikamsumbua karibu mchezo mzima, ikaja kukubali mara moja tu, Rollie Stichweh wa Army alipofunga. Mtangazaji Lindsey Nelson ikabidi apaze sauti kuwaambia watazamaji kwamba hiyo sio live, Army hawajafunga tena.