Shahidi ni nani? Neno moja tunalolitumia kwa haraka makaburini

Miezi michache iliyopita nilihudhuria mazishi ya katekista wa kigango kimoja kando ya barabara iendayo Masasi. Alikuwa amefariki kwa ajali ya bodaboda akitoka kuwafundisha wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, na ndani ya mkoba wake lilikutwa daftari la mahudhurio, limeviringishwa kwenye nailoni lisije likalowa. Ndugu aliyesimama kutoa wasifu, mtu mwema ambaye huzuni yake ilikuwa ya kweli, alisema mbele ya jeneza kwamba marehemu “amekufa shahidi, kama Stefano.” Watu waliitikia amina. Sikuitikia, si kwa kumdharau marehemu, bali kwa sababu nimelisikia neno hilo likisemwa hivyo mara nyingi mno katika mazishi ya huku kwetu Lindi, na naona limeanza kupoteza maana yake.

Kwa kifupi, shahidi katika lugha ya Kanisa ni Mkristo aliyeuawa kwa sababu alikataa kuikana imani yake, au kuacha jambo ambalo imani hiyo inamdai, naye akakipokea kifo bila kukitafuta na bila kukijibu kwa silaha. Ugumu hauko katika maana hiyo. Uko katika neno lenyewe, na ndilo ningependa tulitazame kwa utulivu.

Kiswahili kimelipata neno hili kutoka Kiarabu, na kila mtu aliyewahi kufika Mahakama ya Mwanzo analijua: shahidi ni yule aliyeona jambo, akaitwa, akaulizwa, akasema alichokiona. Ushahidi, shahada na kushuhudia vyote ni vya ukoo huo mmoja. Mzizi huu ni wa kale kuliko tunavyodhani, nao umo hata katika Biblia tunayoisoma kila siku. Katika Mwanzo 31:47, Labani na Yakobo wanapokusanya mawe yawe alama ya agano lao, Labani analiita rundo lile kwa Kiaramu, Yegar-Sahadutha, yaani rundo la ushahidi. Litamke jina hilo polepole na utaisikia shahada ndani yake. Wakristo wa kale wa Siria, ambao lugha yao ilikuwa ya ukoo huo wa Kiaramu, walimwita sahda mtu aliyetoa ushuhuda, na neno hilohilo wakamwita aliyeuawa kwa ajili ya Kristo. Wagiriki nao walifanya vivyo hivyo kwa neno lao martys, ambalo mwanzoni halikuwa na harufu yoyote ya damu, kwa kuwa lilikuwa neno la barazani na mahakamani tu. Bwana anapowaambia wanafunzi wake katika Matendo 1:8 kwamba watakuwa mashahidi wake, hawaambii kwamba watauawa, bali kwamba watasema. Ni baadaye, Paulo anapoitaja damu ya Stefano shahidi katika Matendo 22:20, na Antipa, Mkristo wa Pergamo, anapoitwa shahidi mwaminifu aliyeuawa, katika Ufunuo 2:13, ndipo tunapoliona neno likianza kuelekea kaburini. Hata hapo linakwenda likiwa na kinywa. Stefano hakuitwa shahidi kwa kuwa alipigwa mawe; alipigwa mawe kwa kuwa alikuwa amekwisha kushuhudia, na hotuba yake inachukua karibu sura nzima ya saba ya Matendo kabla jiwe la kwanza halijarushwa.

Kwa sababu hiyo nalipenda neno shahidi kuliko mfiadini, ingawa la pili nalo ni sahihi na linatumika sana katika vitabu vyetu vya ibada. Mfiadini linaonyesha kifo na sababu yake, lakini haliitaji sauti ya mtu. Ukisema shahidi, umekwisha kusema kwamba kulikuwa na swali na kulikuwa na jibu. Mtu anayefariki njiani akienda mahakamani anaombolezwa kwa heshima zote, lakini karani hawezi kuandika kwamba ametoa ushahidi.

Najua matumizi haya mapana yametoka wapi. Pwani yetu, tangu Kilwa hadi Mikindani, ni nchi ya majirani Waislamu, nao wana mafundisho yao kwamba aliyezama majini, aliyekufa kwa tauni, au mama aliyekufa kwa uzazi huhesabiwa katika daraja la mashahidi. Ni mafundisho yenye mizizi yake na wanazuoni wake, nayo hufariji nyumba nyingi za wavuvi. Sisi tumelichukua tamko bila mafundisho yanayolibeba, tukalipandikiza katika mazishi ya Kikristo, ambako neno hilohilo lina historia nyingine.

Historia hiyo ina ukali ambao hatuna budi kuukumbuka. Polikarpo, askofu wa Smirna aliyeuawa katikati ya karne ya 2, hakukimbilia uwanja wa mauaji. Alipoombwa na waumini wake aondoke mjini, aliondoka na kukaa shambani, akahama tena shamba la pili, na askari walipomfikia aliagiza wapewe chakula na kinywaji, akaomba saa moja ya kusali. Liwali wa Kirumi alipomtaka amtukane Kristo, alijibu kwamba amemtumikia kwa miaka 86 wala hakutendewa naye baya lolote, basi atawezaje kumkufuru Mfalme wake aliyemwokoa? Wakristo wa Smirna walioiandika habari hiyo walimtaja pia mtu mmoja kutoka Frigia, Kwinto, aliyejipeleka mwenyewe na kuwashawishi wengine wafuatane naye. Alipowaona wanyama wakali aliogopa, akaapa na kutoa sadaka kwa miungu. Kisha wakaandika wazi kwamba hawawasifu wanaojitoa wenyewe, kwa kuwa Injili haifundishi hivyo. Ningetamani kila mhubiri anayewahimiza vijana “kuwa tayari kufa” aisome habari hiyo mpaka mwisho. Sipriani, askofu wa Kartago huko Afrika Kaskazini, naye alijificha dhuluma ya Warumi ilipoanza mwaka 250, akaliongoza kundi lake kwa barua, akalaumiwa kwa hilo, na ni askofu huyohuyo aliyekatwa kichwa tarehe 14 Septemba 258 bila kuyumba.

Wapo pia Wakristo waliofungwa huko Lyon, katika Ufaransa ya leo, mwaka 177, ambao kwangu ndio walimu wakubwa wa jambo hili. Walikuwa wamepigwa, wamechomwa, wametupwa kwa wanyama na kurudishwa gerezani wakiwa hai, na bado walimkemea yeyote aliyewaita mashahidi kwa barua au kwa maneno. Walisema jina hilo ni la Kristo kwanza, kisha la wale waliokwisha kuondoka katika kukiri kwao. Wao walitaka waitwe waungamaji tu, yaani walioikiri imani. Miili yao ilikuwa na makovu yote, lakini jina hawakulitaka.

Kanisa liliendelea na uangalifu huo. Yohane Krisostomo, ambaye mahubiri yake yalimpa jina la Kinywa cha Dhahabu, aliondolewa katika kiti chake cha Konstantinopoli, akapelekwa uhamishoni, na mwaka 407 akafa njiani kwa kuchoshwa na safari za kulazimishwa. Maneno yake yalikuwa sehemu kubwa ya sababu za mateso yake. Hata hivyo kalenda inamkumbuka kama askofu na mwalimu, wala hakuna anayeona kwamba amepunguziwa heshima. Oscar Romero, askofu mkuu wa San Salvador, alipigwa risasi akiadhimisha misa tarehe 24 Machi 1980, na bado ilipita miaka 35 ya kuuliza aliuawa kwa sababu gani hasa na wauaji ambao wenyewe walikuwa wamebatizwa, kabla hajatangazwa mwenye heri na shahidi mwaka 2015.

Swali hilohilo liko hapa mkoani kwetu. Tarehe 14 Agosti 1905, huko Mikukuyumbu katika Liwale ya leo, mmisionari Askofu Cassian Spiss aliuawa pamoja na mabruda wawili na masista wawili, wakiwa safarini kutoka Kilwa kuelekea Peramiho. Ilikuwa mwanzo wa vita vya Maji Maji dhidi ya utawala wa Wajerumani, na watu walikuwa wamechoshwa na kodi, viboko na kilimo cha pamba cha kulazimishwa. Je, waliouawa walionekana kama watumishi wa Kristo au kama Wajerumani tu? Siwezi kuona ndani ya mioyo ya wale waliokuwa wameshika mikuki siku ile, na naona ni haki kuwaombea na kuwakumbuka wote bila kulipachika jina la mashahidi kwa haraka. Walinganishe na vijana wa ikulu ya Buganda mwaka 1886: Kabaka Mwanga aliwaamuru wanaosali wajitenge upande mmoja, nao wakajitenga. Hapo swali liliulizwa kwa sauti, na jibu likaonekana kwa miguu kabla ya Namugongo, walikouawa wengi wao.

Basi nikirudi kwa katekista wetu, yale yaliyokuwa ya kusemwa juu yake yalikuwamo mkobani mwake. Daftari lile lilikuwa na majina ya wakatekumeni kwa mwandiko wake ulionyooka, na alama za mahudhurio za siku ileile, moja ikiwa imefutwa na kuandikwa upya kwa sababu mtu fulani alichelewa lakini alifika. Namwomba ndugu yangu yule, ambaye bila shaka ataombwa kusimama tena kaburini, aseme kwamba marehemu amefariki akiwa katika kazi ya Bwana, amwite mwalimu, na kama muda unaruhusu ayasome majina yale.