Kocha mkuu wa futiboli ya chuo Marekani: tunayoambiana na jinsi kazi yenyewe ilivyo

Kila ikifika mwisho wa Agosti huku Texas sisi Waswahili tunaanza kubishana, iwe harusini, iwe tumekaa tu baada ya ibada tunakunywa chai, na ubishi wenyewe ni kuhusu hawa makocha wakuu wa timu za vyuo vikuu, ile futiboli yao ya helmeti na mpira wenye umbo la yai. Mengi yanayosemwa siyo kweli. Zamani nilikuwa naacha tu yapite, ila sasa hivi watoto wetu wenyewe wanacheza, vijana wa Kikongo, Wakenya, Warundi, wapo kwenye timu za sekondari huku, na mzazi asiyejua kocha wa chuo anaishije na analipwa kwa kazi gani anaweza akamkabidhi mwanae kwa mtu asiyemwelewa. Kwa hiyo naandika.

"Wale wote ni mamilionea"

Hapana. Walio juu kabisa, ndiyo. Nick Saban, aliyekuwa kocha mkuu wa chuo cha Alabama, mwaka wake wa mwisho pale, 2023, alikuwa anavuta zaidi ya dola milioni 11 kwa mwaka. Kocha Jimbo Fisher alipofungashiwa virago na chuo cha Texas A&M Novemba 2023 mkataba wake ulikuwa bado unaenda mpaka 2031, kwa hiyo chuo kikabaki kinadaiwa zaidi ya dola milioni 75 za kumlipa mtu ambaye hafanyi kazi tena pale. Hizo ndo habari zinazosambaa, mtu anasikia milioni 75 anadhani ndo hali ya fani nzima.

Ila hesabu mwenyewe. Timu za daraja la juu ni zaidi ya 130 tu, na chini yake kuna mamia ya vyuo vingine vyenye timu. Daraja la tatu peke yake lina vyuo zaidi ya 200, na huko unakuta kocha mkuu ambaye hiyo hiyo wiki ana kipindi cha darasani, anapanga mabasi ya safari, anahesabu jezi, na mshahara wake ni wa mfanyakazi wa kawaida wa chuo. Anaitwa kocha mkuu sawasawa na Saban alivyoitwa.

"Ukishakuwa na bahati unapewa timu"

Hii ndo inayoniuma zaidi maana inafuta miaka ya watu. Chukua huyo huyo Saban. Kazaliwa 1951 West Virginia, mkoa wa migodi ya makaa ya mawe, baba yake alikuwa na kituo cha mafuta, na kijana alikuwa anaosha magari pale, baba akikuta doa moja tu gari inaoshwa upya yote, siyo pale penye doa, yote. Kacheza mpira chuo cha Kent State, akamaliza, na wala hakuwa na mpango wa ukocha. Mke wake Terry alikuwa bado amebakiza mwaka mmoja wa masomo, kocha wake Don James akamwambia basi kaa hapa uwe msaidizi huku unasoma, akakubali ili asimwache mke. Hiyo ni 1973.

Halafu angalia alivyohama: Kent State, Syracuse, West Virginia, Ohio State, chuo cha Jeshi la Majini, Michigan State, halafu Houston Oilers ya kulipwa. Pale Ohio State alifukuzwa mwisho wa msimu wa 1981 pamoja na wenzake wa upande wa ulinzi. Timu yake ya kwanza kama kocha mkuu ni ya chuo cha Toledo, mwaka 1990. Piga hesabu, miaka 17 ya kuwa msaidizi, mwajiri wa nane huyo, kila kuhama ni kufunga vyombo, mke anatafuta kazi upya. Na baada ya msimu mmoja tu wa ushindi 9 na vipigo 2 akaacha ukuu akarudi kuwa msaidizi Cleveland Browns, timu ya kulipwa, chini ya kocha Bill Belichick. Wangapi wetu tungekubali kushuka cheo ili tujifunze?

Na hata akishafika juu bado. Alibeba ubingwa wa taifa na LSU, chuo cha Louisiana, msimu wa 2003, akaenda Miami Dolphins ya kulipwa akashinda 15 akafungwa 17, akaja Alabama 2007 na msimu wa kwanza akapigwa nyumbani na Louisiana-Monroe, timu ambayo hakuna aliyeitegemea, akamaliza na ushindi 7 na vipigo 6. Wangemtimua pale wasingeona vikombe sita alivyowaletea baadaye, wa kwanza msimu wa 2009 na wa mwisho 2020.

Dabo Swinney wa chuo cha Clemson naye kibarua kilimuota nyasi Alabama baada ya msimu wa 2000 akiwa msaidizi, benchi zima la ufundi liliondolewa, akakaa miaka miwili akifanya kazi kwenye kampuni ya majengo ya maduka. Alipokuwa mwanafunzi alijiunga na timu bila skolashipu yoyote, na mama yake alihamia kuishi naye kwenye apatimenti ya wanafunzi kwa sababu hakuwa na pa kukaa. Oktoba 2008 kocha mkuu wa Clemson akaondoka katikati ya msimu, wakampa Dabo timu kama kocha wa muda, mtu ambaye hajawahi hata kuwa mratibu wa mashambulizi. Akachukua ubingwa msimu wa 2016 na wa 2018. Bahati ipo hapo, sikatai, ila ilimkuta mtu aliyerudi kazini baada ya kufukuzwa.

"Lazima uwe ulicheza sana"

Mike Leach hakucheza futiboli ya chuo hata dakika moja. Alikuwa na digrii ya sheria kutoka Pepperdine, angeweza kuwa wakili na kula vizuri, akachagua ukocha wa mshahara kiduchu, mwaka 1989 alikuwa Finland anafundisha timu ya mji unaoitwa Pori. Baadaye akawa kocha mkuu Texas Tech, Washington State na Mississippi State, na ile staili yake ya kurusha mpira muda wote imeenea mpaka sekondari za huku, ukienda kuangalia mtoto wako Ijumaa usiku unachokiona uwanjani kina mkono wake. Alifariki Desemba 2022 akiwa bado kazini.

"Kazi yake ni kufundisha mpira"

Sheria ya michezo ya vyuo inasema mwanafunzi akiwa kwenye msimu hawezi kufanyishwa shughuli za timu zaidi ya masaa 20 kwa wiki, yasizidi manne kwa siku. Sasa kocha anafanya kazi masaa mangapi? Ofisini taa zinawaka usiku wa manane. Wanaangalia video za mpinzani, kipande kimoja mara kumi, wanarudisha, wanasimamisha. Ila kocha mkuu mwenyewe mara nyingi siyo yeye anayewaonesha vijana jinsi ya kushika mpira, hiyo ni kazi ya wasaidizi wake, kila mmoja na kundi lake. Yeye anaendesha nyumba yenye watu zaidi ya mia.

Jumatatu anakutana na waandishi. Kuna mfadhili tajiri anataka kula naye chakula cha mchana. Kuna kijana kafeli somo, na hiyo ni kesi yake pia, kwa sababu timu inapimwa kwa alama za maendeleo ya masomo na ikishuka chini ya 930 kati ya 1000 inafungiwa mechi za mwisho wa msimu. Kuna kijana bibi yake kafariki na hana nauli. Tangu Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa jina na sura zao zikitumika kwenye matangazo, na tangu Julai 2025 chuo chenyewe kinaweza kuwagawia wanamichezo wake hela, mwaka wa kwanza ilikuwa mpaka dola milioni 20.5, kwa hiyo siku hizi kocha anakaa kwenye vikao vya nani apewe ngapi, na yule asiyeridhika anaingia kwenye mfumo wa uhamisho na kusepa. Timu aliyoijenga miaka mitatu inaweza kumwagika Januari moja.

Jumamosi tunamuona na hedseti masikioni masaa matatu na nusu tunadhani ndo kazi yenyewe hiyo.

"Mshahara wake ni kodi zetu"

Kwa vyuo vikubwa hela nyingi ni za matangazo ya televisheni, tiketi na michango ya wafadhili. Uwanja wa Michigan unachukua watu zaidi ya 107,000, hebu fikiria ni hela kiasi gani hiyo kwa Jumamosi moja. Lakini hapa lazima niwe mkweli: vyuo vya kati na vidogo vingi haviwezi kujilipia, vinachota kwenye ada za wanafunzi wote, hata yule asiyejua mpira una pande ngapi. Kwa hiyo anayelalamika chuo kidogo ana haki ya kulalamika.

"Hiyo ni kazi ya wazungu"

Kwa miaka mingi walitaka iwe hivyo. Ila ukitaka kumjua kocha mkuu wa chuo ni nani, kasome maisha ya Eddie Robinson. Mwaka 1941, ana miaka 22, anafanya kazi kwenye kinu cha chakula cha mifugo Baton Rouge, akapewa timu ya chuo kidogo cha watu weusi Louisiana ambacho baadaye kikaitwa Grambling. Alikuwa anakata nyasi za uwanja mwenyewe, anachora mistari mwenyewe, anaandika ripoti ya mechi na kuipeleka magazetini. Timu ikisafiri alikuwa anawatengenezea wachezaji sandwichi, kwa sababu migahawa ya njiani kule Kusini ilikuwa haiwahudumii watu weusi. Mwaka wake wa pili, 1942, alimaliza bila kufungwa mechi na bila kuruhusu pointi hata moja. Alikaa pale pale mpaka 1997, ushindi 408, na zaidi ya vijana wake 200 walienda ligi ya kulipwa. Na katika miaka yote hiyo hakuna chuo kikubwa cha wazungu kilichompa timu. Mweusi wa kwanza kuwa kocha mkuu daraja la juu ni Willie Jeffries pale Wichita State, 1979, na ligi ya SEC, ile ya kina Alabama, haikuwa na hata mmoja mpaka Sylvester Croom alipoanza Mississippi State msimu wa 2004. 2004 ni juzi tu.

"Bila kufoka na kuwatesa hawashindi"

John Gagliardi. Alianza ukocha 1943 akiwa na miaka 16, kocha wao wa sekondari aliitwa vitani, yeye akaongoza wenzake. Akaenda chuo cha Saint John's, Minnesota, mwaka 1953 na akakaa mpaka 2012. Mazoezini kwake hakuna kuangushana, hakuna filimbi, na mchezaji haruhusiwi kumuita kocha, anamuita John. Ushindi 489, hakuna kocha wa futiboli ya chuo mwenye zaidi.

"Kocha akikaa sebuleni kwako mtoto kashapata skolashipu"

Hii niliiona kwa macho. Mama mmoja Mkongo wa Bukavu, jirani yetu huku, aliniita nikamsaidie kutafsiri, kocha wa chuo kimoja anakuja kumuona mwanae, kijana mkubwa wa mabega kama mlango. Mama kapika wali, sombe na samaki, katandika kitambaa kipya. Kocha akaja na fulana ya chuo, viatu akavua mlangoni bila kuambiwa, akakaa. Akaongea dakika ishirini kuhusu familia na nidhamu, mama anatikisa kichwa tu. Halafu mama akaweka kijiko chini akanigeukia: "Ndugu yangu, umuulize, huyu mutoto akivunjika goti, nani atamusomesha?"

Nikatafsiri. Kocha akanyamaza kidogo, halafu akajibu vizuri, nampa heshima yake. Akasema chuo chao ni daraja la tatu na daraja la tatu haliruhusiwi kutoa skolashipu ya michezo kabisa, kwa hiyo goti halihusiki, atakachopata kijana ni msaada kwa alama zake na kwa kipato cha nyumbani. Binamu mmoja wa kijana aliyekuwa pembeni akakasirika, anasema sasa umekuja kula ugali wa watu bure (na wala haukuwa ugali). Ila mama alielewa kuliko sisi wote.

Na wazazi mjue hili. Neno la mdomo la kocha halimfungi yeye wala chuo mpaka karatasi ya msaada wa kifedha isainiwe. Kwa daraja la kwanza, tangu Agosti 2024 chuo hakiruhusiwi kupunguza au kufuta skolashipu kwa sababu ya kiwango cha uwanjani au kuumia, na kinatakiwa kugharamia matibabu ya majeraha ya michezo kwa angalau miaka miwili baada ya kumaliza. Haya muulizeni kocha akiwa amekaa hapo kwenye kochi, yeye hatashangaa, kaulizwa na mama wengi.

Kijana alienda. Mwaka uliofuata tu kocha yule akapata kazi chuo kingine, akahama na familia yake, ndo maisha yao hayo niliyoyaeleza. Mama akanipigia usiku, sauti ya chini: "Na ile karatasi ya masomo, ameondoka nayo?"

Nikamwambia hapana dada, aliyesaini ni chuo. Akashusha pumzi, akaniuliza kama nimeshakula.