Boi si mvulana

Nimelisikia tena wiki hii, safari hii kwa mtu aliyesoma: eti boi maana yake ni mvulana, kwa hiyo Wazungu waliowaita watumishi wao Waafrika hivyo enzi za ukoloni hawakuwa na nia mbaya. Boi kwa Kiswahili ni mtumishi wa kiume wa nyumbani, basi. Hakuna mama anayetoka hospitali akasema kajifungua boi.

Neno limetoka kwa Waingereza, hilo halina ubishi. Lakini hata kwao, lilipoanza kuandikwa karibu mwaka 1300, lilikuwa la mtumishi au mtu wa chini. Mtoto wa kiume alikuja kuitwa hivyo baadaye. Wajuaji hudakia hapo: kumbe mlowezi wa Kenya alitumia tu maana ya kale! Wapi. Karne ya 20 neno lilikwisha kuwa la mtoto, na mpishi mwenye wajukuu akaitwa hivyo hata na mtoto wa bwana, yuleyule ambaye mpishi alimvalisha viatu asubuhi. Tena walowezi walipompata mtoto hasa, yule wa kuosha vyungu, walimwita kwa neno letu, "toto". Jikoni humo mkawa na toto ambaye ni mtoto kweli, na boi ambaye ni baba wa watu, wote wakiitwa watoto.

Wabelgiji kule Kongo nao walilichukua hilohilo, na vibanda vya watumishi nyuma ya nyumba wakaviita boyerie. Marekani ndilo walilotupiwa wanaume weusi wa umri wowote. Wafanya usafi weusi wa Memphis, mji wa huko, walipogoma mwaka 1968, mabango yao yalisema: Mimi ni mwanamume.

Kinachonishangaza ni jinsi Kiswahili kilivyolimeza. Tukapata maboi, uboi, shambaboi. Mtu anakwambia babu yake alifanya uboi kwa Mjerumani, wala hatahayari, maana sikio letu halisikii mtoto mle ndani. Dharau ilibaki upande wa aliyeita. Aliyeitwa alisikia jina la kazi. (Hausigeli naye ana kesi yake, tena nzito zaidi.)

Basi mtoto wa kiume tumwite mvulana. Na yule anayemwagilia maua hapo kwenu, mwenye mvi kama za baba yako, ni mtunza bustani. Asubuhi ukimkuta, ni shikamoo.