Maana ya udhibiti wa maji ya mvua katika ujenzi wa barabara za mitaa

Udhibiti wa maji ya mvua katika ujenzi wa barabara ya mtaa ni kazi ya kuyakusanya maji yanayotiririka juu ya ardhi, kuyapunguza kasi na kuyafikisha mahali yatakapopokelewa bila kudhuru barabara, nyumba zilizo kando yake wala watu wanaoishi chini ya mteremko. Hao wa chini ndio husahauliwa mara nyingi, na katika jiji kama Mbeya, lililotandazwa miguuni mwa mlima Loleza kwenye mwinuko wa takribani mita 1,700, kuwasahau ni kosa kubwa.

Kabla ya kuwekwa lami, sehemu ya mvua huzama ardhini. Baada ya lami, karibu yote hutiririka. Wahandisi hupima tofauti hiyo kwa mgawo wa mtiririko, yaani sehemu ya mvua inayotiririka badala ya kuzama, ambao kwa lami hukaribia 0.9, ilhali kwa bustani au uwanja wa nyasi huweza kuwa chini ya 0.3. Tuchukue mtaa wenye lami ya urefu wa mita 400 na upana wa mita 6, yaani mita za mraba 2,400. Kwa kuwa milimita moja ya mvua katika mita moja ya mraba ni lita moja ya maji, mvua ya milimita 30 itamwaga hapo lita 72,000, na karibu lita 65,000 zitatafuta njia ya kushuka. Hapo hatujahesabu mapaa ya mabati na nyua zilizosakafiwa kwa saruji, ambazo kwa pamoja huweza kuleta maji mengi kuliko barabara yenyewe. Kwa hiyo mtaro uliopimwa kwa kuangalia upana wa barabara peke yake huwa mdogo tangu siku unapojengwa.

Wingi wa maji ni nusu tu ya tatizo, kwani kwenye mteremko kasi ndiyo inayobomoa. Maji yanayoshuka kwa nguvu huchimba chini ya ukuta wa mtaro, huondoa udongo ulioshikilia ukingo wa lami, kisha lami hubaki ikining'inia hadi gari la kwanza zito liikate. Ndiyo maana mtaro wa mteremko mkali hujengwa kwa mawe na saruji, na sakafu yake hukatwa ngazi ngazi ili kila anguko liyapunguzie maji nguvu. Kwenye tambarare hali hugeuka: maji yakienda polepole mno, mchanga hutuama na mtaro hujaa.

Sehemu ndogo inayostahili kutazamwa kwa makini ni kivuko cha kuingilia nyumbani. Barabara ikikamilika bila vivuko, mwenye nyumba hulaza bomba jembamba mtaroni na kulifunika kwa kifusi ili gari lipite. Matawi na chupa za plastiki hunasa mdomoni mwa bomba hilo, maji hupanda juu ya lami na kuingia kwa jirani. Kumlaumu mwenye nyumba hakutoshi, kwa maana kuingia kwake kulijulikana tangu mwanzo. Vivuko vya slabu zinazoweza kuinuliwa wakati wa kuzibua vilipaswa kuwamo kwenye michoro na gharama za mradi.

Kisha kuna tokeo, yaani pale mtaro unapoishia. Barabara nyingi za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanzishwa mwaka 2017, wakati barabara kuu ya kwenda Tunduma iko chini ya TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa. Maji hayaitambui mipaka hiyo. Mtaro mpya wa mtaa ukielekezwa kwenye kalavati la zamani lililopimwa kwa maji machache, mafuriko yamehamishwa tu, hayajadhibitiwa. Hata maji yakifika mto kama Nzovwe, tokeo huhitaji sakafu ya mawe ili lisimege kingo, ambazo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazilinda kwa kuzuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60.

Kwa sababu hiyo mtaro hujengwa kuanzia kwenye tokeo kupanda juu, na kazi hiyo hufaa ifanyike kiangazi. Mvua za Novemba zikikuta ujenzi haujakamilika, kila kipande kilichokwisha jengwa kitakuwa tayari na njia ya kutolea maji.