Tunachokula na tunachodhani tumekichagua

Ukitaja falsafa ya chakula wapo watakaocheka. Falsafa ni ya kichwa, watasema, chakula ni cha tumbo, na anachokula mtu ni shauri lake. Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliwapa nguvu wenye mawazo hayo. Katika Gorgias, kitabu alichokiandika kama mazungumzo, mwalimu wake Socrates anadai kwamba upishi haustahili hata kuitwa sanaa. Ni mazoea tu ya kuupendezesha mwili, yanayojivika joho la tiba. Lakini Plato huyohuyo hakuweza kulikwepa swali la mlo. Katika kitabu chake kuhusu dola bora, mji wa kwanza anaouchora Socrates unakula vyakula rahisi, na Glaucon, anayezungumza naye, anaudharau, anauita mji wa nguruwe. Haya, anajibiwa, tuweke na anasa. Zikiingia anasa na nyama, mifugo inaongezeka, waganga wanahitajika zaidi, ardhi haitoshi, na mji unaanza kumega ardhi ya jirani. Vita hivyo vilianzia mezani. Sasa hilo ni shauri la mtu mmoja?

Zipo dhana nyingine kuhusu chakula ambazo watu huziamini bila kuzichunguza, na hapa nazipitia chache. Aliyesingiziwa kuliko wote ni Epicurus, naye mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale. Kwa kuwa alifundisha kwamba raha ndiyo lengo la maisha, watu wengi humdhania mlafi aliyezungukwa na masahani. Maandishi yake yanasema kinyume. Katika barua kwa Menoeceus anaeleza kwamba mkate na maji humpa raha ya juu kabisa mtu mwenye njaa, na kwamba kuzoea chakula cha kawaida humwondolea mtu hofu ya kesho. Inasimuliwa kwamba alimwomba rafiki amtumie chungu kidogo cha jibini, ili siku akitaka afanye karamu. Karamu ya jibini! Na Seneca, mwanafalsafa wa Kirumi, anamnukuu akishauri kwamba kabla ya kutafuta cha kula, mtu atafute wa kula naye.

Dhana nyingine: kuacha nyama kwa sababu za kimaadili ni mtindo wa siku hizi, ulioletwa na watu walioshiba. Lakini wafuasi wa Pythagoras, mwanafalsafa wa Kigiriki, walijulikana kwa jambo hilo tangu zama za kale, na mwanafalsafa Porphyry alilitungia kitabu kizima katika karne ya 3. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Abul-Ala al-Maarri, mshairi kipofu wa Syria (973–1057). Aliacha nyama, samaki, mayai, maziwa, hata asali, kwa hoja kwamba nyuki hawakuikusanya kwa ajili yetu. Mwanachuoni mmoja wa Fatimiya, dola ya Kiislamu iliyotawala Misri, alipomwandikia kumhoji, mshairi alijitetea kwa huruma yake kwa wanyama, kisha akataja pia kwamba kipato chake ni kidogo. Wapo wanaoona kauli hiyo ya pili inaiharibu ya kwanza. Mimi naona ndiyo inayomfanya aaminike: alijua kwamba dhamira na mfuko hukaa meza moja.

Kuhusu dhana kwamba “cha asili ndicho salama” sina mengi. Maharagwe mekundu mabichi ni ya asili kabisa, na yana sumu ambayo huondoka kwa kuchemshwa vizuri.

Dhana ya umbali ina uzito zaidi, maana wanaoiamini wana nia njema. Wanasema chakula kilichotoka karibu ndicho kisichochafua hewa. Mwaka 2018 watafiti Joseph Poore na Thomas Nemecek walichapisha uchambuzi wa takwimu za mashamba yapatayo 38,700 katika nchi 119. Kwa vyakula vingi, usafiri ulikuwa sehemu ndogo ya gesi joto, yaani gesi zinazoongeza joto la dunia. Sehemu kubwa hutoka shambani na katika kubadili matumizi ya ardhi. Kwa nyama ya ng'ombe, usafiri haufiki hata asilimia 1. Kinachosafirishwa kwa ndege ni kesi nyingine. Kununua kwa jirani kuna sababu zake nzuri, ila kwa hesabu ya hewa, aina ya chakula huwa na uzito kuliko kilomita.

Basi angalau ladha ni yangu mwenyewe? Hata hapo tumetanguliwa. Katika utafiti wa Julie Mennella na wenzake wa mwaka 2001, watoto ambao mama zao walikunywa juisi ya karoti wakati wa ujauzito au wa kunyonyesha waliipokea ladha ya karoti kwa urahisi kuliko wengine.

Imani yenye madhara makubwa kuliko zote ni kwamba njaa hutokea kwa sababu chakula kimekwisha. Njaa ya mwaka 1943 huko Bengal, katika India iliyokuwa chini ya Waingereza, iliua watu wapatao milioni 3. Mchumi wa Kihindi Amartya Sen, aliyeishuhudia akiwa mtoto, alizipitia takwimu zake katika kitabu alichotoa mwaka 1981. Alikuta kwamba chakula cha mwaka ule kilikuwa pungufu kwa takriban asilimia 5 tu ya wastani wa miaka mitano iliyotangulia, na kilikizidi cha mwaka 1941 kwa asilimia 13. Mwaka 1941 hakukuwa na njaa. Kilichobadilika ni bei, iliyopaishwa na vita, huku ujira wa vibarua wa mashambani na kipato cha wavuvi vikibaki nyuma. Mchele ulikuwepo, wao hawakuwa na cha kuupatia.

Sen huyohuyo hutofautisha mtu aliyefunga na mtu anayeshinda na njaa. Ukiwapima, huenda usione tofauti, matumbo ni matupu yote mawili. Ila wa kwanza angeweza kula akitaka. Ushauri wa “chagua vizuri” unamhusu huyo. Wa pili ukimkabidhi orodha ya vyakula bora hujamjibu kitu, kwa sababu anachouliza ni ujira, bei, na nani ameshika ufunguo wa ghala.